Joto la Januari na Umbali wa Jua

Muulize mtu wa Tanga au wa Mtwara kwa nini Januari watu hulala madirisha wazi na Julai hutafuta shuka. Jibu utakalolisikia mara nyingi ni hili: Januari dunia huwa karibu na jua, Julai huwa mbali.

Usikimbilie kulicheka. Kila mwaka, siku za mwanzo za Januari, dunia hufika mahali ilipo karibu zaidi na jua katika safari yake ya kulizunguka, umbali wa kilomita milioni 147.1. Siku za mwanzo za Julai hufika mahali ilipo mbali zaidi, kilomita milioni 152.1. Kwa hiyo aliyekujibu hakukosea tarehe, hakukosea umbali, wala hakukosea joto la mwilini mwake. Vipande vyote vya jibu ni vya kweli. Kosa limejificha kwenye kiungo kinachoviunganisha, yaani pale aliposema kimoja ndicho kinacholeta kingine.

Hivyo ndivyo dhana potofu zilivyo, na ndiyo maana zinadumu. Mtu asiyejua kitu huuliza, au hunyamaza. Mwenye dhana potofu haulizi, kwa kuwa jibu analo, na jibu lenyewe limemtumikia vizuri. Hii ya umbali wa jua imezaliwa jikoni. Mtoto akisogelea jiko la mkaa anaungua, akirudi nyuma anapoa. Kanuni hiyo ni ya kweli na amejifunza kwa ngozi yake kabla hajajua kusoma. Siku anaposikia darasani kwamba jua ni moto mkubwa, anaichukua kanuni ya jikoni na kuipeleka angani bila kumwuliza mtu.

Wala si jambo la shule zenye uhaba wa vitabu. Mwaka 1987 ilitolewa nchini Marekani filamu fupi ambayo watengenezaji wake walikwenda kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard, wakawauliza wahitimu, wahitimu wa zamani na walimu swali hilihili la majira. Kati ya watu 23 walioulizwa kuhusu majira au kuhusu awamu za mwezi, 21 walijibu vibaya, na kwenye majira jibu lililotawala lilikuwa la umbali. Kinachoshangaza ni kwamba kule kwao Januari ni theluji. Walikuwa na ushahidi wa kulivunja jibu lao kila mwaka, nje ya dirisha. Hawakujua tu kwamba wakati huohuo dunia iko karibu na jua. Wao walidhani iko mbali, ili jibu likae sawa. Sisi wa kusini mwa Ikweta tuko katika hali ngumu zaidi, kwa sababu ukitutafutia tarehe sahihi za umbali, zinatuunga mkono.

Kwa hiyo tusianze kwa kulipinga jibu. Tulichukulie kuwa ni kweli, kisha tuone linatupeleka wapi.

Dunia ni moja. Ikisogea karibu na jua, inasogea yote: Mtwara inasogea, Muscat inasogea, London inasogea. Kama umbali ndio unaoleta joto na baridi, basi Januari lazima iwe mwezi wa joto kila mahali, na Julai mwezi wa baridi kila mahali. Hapa watu wa pwani wana bahati, maana wengi wana ndugu Oman. Mpigie simu shangazi yako wa Muscat mwezi Julai. Atakwambia mchana hakutokeki, joto hupita nyuzi 40, na mtu anatoka nje jioni tu. Mpigie tena Januari atakwambia hali ni nzuri, watu wanakwenda kupumzika ufukweni. Mwenye jamaa London atapata habari hizohizo kwa kipimo cha kule: Julai mikono mifupi, Januari makoti.

Jibu la umbali haliwezi kuvuka mtihani huu. Halina njia ya kumfanya mtu wa Dar es Salaam na mtu wa Muscat, walio kwenye sayari moja, wapate joto kwa zamu.

Kuna ushahidi mwingine wa aina hiyo ambao watu wachache wanaujua. Ukichukua joto la uso wa dunia nzima, bara na bahari, kaskazini na kusini, ukatafuta wastani, utakuta dunia ina joto zaidi mwezi Julai kuliko Januari, kwa zaidi ya nyuzi 3. Yaani dunia huwa na joto zaidi ikiwa mbali na jua. Sababu yake ni kwamba upande wa kaskazini una nchi kavu nyingi, na nchi kavu hushika joto upesi kuliko bahari. Upande huo unapopata kiangazi chake, wastani wa dunia nzima unapanda. Umbali haukufutika. Umezidiwa nguvu tu.

Umezidiwa kwa sababu ni mdogo. Tofauti kati ya milioni 147.1 na milioni 152.1 ni kilomita milioni 5, na milioni 5 husikika kama kitu kikubwa mpaka uzilinganishe na safari yenyewe: ni kama asilimia 3 tu. Mwanga hupungua kwa kasi kuliko umbali unavyoongezeka, maana ukienda mbali mara mbili mwanga hutawanyika juu na chini, na kulia na kushoto, ukabaki robo. Kwa hesabu hiyo tofauti ya asilimia 3 ya umbali inazaa tofauti ya karibu asilimia 7 ya mwanga. Tuitunze namba hiyo 7, tutaihitaji.

Lakini mbona watu wengi wanaamini tofauti ya umbali ni kubwa? Nadhani lawama nyingi ziende kwa mchoro. Fungua kitabu chochote cha jiografia penye dunia inayozunguka jua na utaona njia yake imechorwa kama yai lililolazwa. Mchoraji hakukusudia udanganyifu. Aliuchora mduara kana kwamba tunautazama kwa ubavu, kama unavyoona mdomo wa sufuria ukiwa umekaa mbali nayo. Mwanafunzi haambiwi hivyo. Anaona yai, anaona dunia ikiwa karibu na jua mahali pamoja na mbali mahali pengine, na macho yake yanamwambia tofauti ni mara mbili au tatu.

Chukua rula upime ukweli wenyewe. Ukitaka kuichora njia ya dunia kwa vipimo sahihi, upana wake mkubwa ukiwa sentimita 30, basi upana wake mdogo utapungua kwa milimita 0.04. Hakuna penseli yenye ncha nyembamba kiasi hicho. Mstari wako utaimeza tofauti yote, na atakayeona mchoro wako ataapa kuwa ni duara la bikari. Kitu pekee kitakachoonekana ni kwamba jua haliko katikati kabisa: limesogea pembeni kwa milimita 2 na nusu. Hilo ndilo umbo la njia ya dunia. Kama ningekuwa na mamlaka juu ya vitabu vya shule, ningeamuru kila chenye yai kichorwe upya duara, jua liwe milimita mbili na nusu pembeni.

Sasa tuanze kujenga, na tuanze na tochi.

Subiri usiku. Chukua tochi yenye mwanga uliokusanyika, na daftari la hesabu lenye visanduku. Weka daftari mezani, shika tochi juu yake ikitazama chini wima, kwa urefu wa shubiri mbili. Utaona duara la mwanga. Zungushia penseli na uhesabu visanduku vilivyomo. Halafu, bila kuisogeza tochi karibu wala mbali, ilaze polepole mpaka mwanga uwe unaingia kwa ubavu. Duara linarefuka, linakuwa kama jani. Zungushia tena, hesabu tena. Tochi ikilala mpaka ibakize nyuzi 30 kutoka mezani, visanduku vitakuwa karibu mara mbili ya vile vya mwanzo.

Fikiri kilichotokea. Betri ni zilezile, balbu ni ileile, mwanga uliotoka ni uleule. Lakini sasa umegawanywa kwa visanduku mara mbili, kwa hiyo kila kisanduku kimepata nusu. Tazama karatasi yenyewe utaona: mwanga umefifia. Umbali haukuhusika. Kilichobadilika ni pembe.

Jua linafanya vivyo hivyo juu ya ardhi. Likiwa utosini, mwanga wake unamwagika wima na kila mita ya mraba inapata fungu kamili. Likiwa chini kuelekea upeo wa macho, mwanga uleule unalazimika kutosheleza eneo kubwa. Kila mkulima anajua kwamba jua la saa 2 asubuhi halichomi kama la saa 6 mchana. Ni jua lilelile, umbali ni uleule kwa kila hali inayohesabika, pembe ndiyo imebadilika. Kwa hiyo hata aliye na dhana ya umbali tayari anaijua kanuni ya pembe. Hajaitumia tu kwenye miezi.

Kinachobaki ni kueleza kwa nini pembe ya jua la saa 6 mchana ibadilike mwezi hadi mwezi. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake kama pia, lakini mhimili huo haukusimama wima ukilinganisha na njia ya kulizunguka jua. Umeinama kwa nyuzi 23.4. Na jambo ambalo hupita haraka mno darasani ni kwamba mwinamo huo hauzunguki na jua. Ncha ya kaskazini inaelekea upande uleule wa anga, karibu na nyota inayoitwa ya kaskazini, mwezi Januari, mwezi Juni, mwezi Septemba. Dunia inahama, uelekeo hauhami. Matokeo yake ni kwamba dunia inapokuwa upande mmoja wa jua, ncha ya kaskazini inakuta inaliegemea. Miezi sita baadaye dunia ikiwa upande wa pili, ncha ileile iliyoelekea palepale inakuta imelipa kisogo. Mwanafunzi akitaka kuliona hili, aweke taa katikati ya chumba, ashike chungwa lililochomwa kijiti, aizunguke taa huku kijiti chake kikielekea mlangoni siku zote. Wengi mkono huwapotea nusu ya njia, wakakizungusha kijiti bila kujua. Hapo ndipo panapohitaji subira.

Kwa mtu wa Dar es Salaam jambo hili halihitaji chungwa. Linahitaji kijiti cha mita moja kilichosimikwa wima uani na mtu wa kukitazama mchana. Jiji liko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 6.8. Karibu na tarehe 3 Machi, saa 6 na dakika 35 hivi mchana, kijiti hakina kivuli. Jua liko utosini. Jambo hilo linajirudia karibu na tarehe 10 Oktoba, safari hii mapema kidogo, saa 6 na dakika 10 hivi. Kati ya Oktoba na Machi kivuli cha mchana kinaangukia kaskazini, maana jua limepita kusini kwetu. Desemba 21 kina urefu wa sentimita 30. Kati ya Machi na Oktoba kinaangukia kusini, na Juni 21 kinafika sentimita 58, kirefu kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Mwezi huo jua letu la mchana linafika nyuzi 60 tu kutoka upeo wa macho.

Siku hiyohiyo ya Juni, London, jua la mchana linafika nyuzi 62. Soma tena. Mwezi Juni jua la London hupanda juu kuliko la Dar es Salaam. Tena kule linakaa angani zaidi ya saa 16 na nusu, na hapa halifikishi saa 12. Ukijumlisha siku nzima, kabla ya kuondoa kinachozuiwa na hewa na mawingu, mita ya mraba ya London hupata mwanga kuzidi ya Dar kwa zaidi ya theluthi moja. London haiwi na joto kuliko Dar kwa sababu imetoka kwenye miezi mirefu ya baridi, na bahari inayoizunguka nchi hiyo haipashiki moto kwa wiki chache. Lakini mwanga inaupata. Kisha Desemba jua la mchana la London linashuka hadi nyuzi 15, na fungu la mwanga likatawanyika karibu mara nne, siku ikafupika chini ya saa 8. Mwanga wa siku moja ya Desemba ni chini ya sehemu moja ya sita ya ule wa siku ya Juni. Mbele ya tofauti ya mara sita, asilimia 7 ya umbali haina sauti.

Na Muscat? Iko kwenye nyuzi 23.6 kaskazini, karibu kabisa na mstari ambapo jua hugeuka. Juni 21 jua la mchana linasimama juu ya utosi wa shangazi.

Katika hatua hii wanafunzi wengi huridhika, na wengine huteleza kwa namna mpya. Wanasema: nimeelewa, mwinamo unafanya upande wa kaskazini uwe karibu zaidi na jua mwezi Juni. Dhana ya zamani haikuondoka; imevaa nguo ya mwinamo. Katika ile filamu ya 1987 kulikuwa na msichana mwerevu wa sekondari aliyeonyeshwa kabla na baada ya kufundishwa. Alisahihisha baadhi ya mambo, mengine akayabeba vilevile mpaka upande wa pili wa somo. Jibu la wanaoteleza hivi ni la hesabu: dunia nzima, kutoka ubavu hadi ubavu, ina upana wa kilomita 12,742. Hiyo haifiki hata sehemu moja kwa elfu kumi ya umbali wa jua. Kuinama kwa kitu kidogo kiasi hicho hakuwezi kukisogeza popote penye maana.

Kosa la aina hiihii limewahi kuwaaibisha wakubwa. Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa na makao yake Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro na kilele chake cheupe. Kiongozi wa msafara wake aliuita ule weupe baridi, basi. Wachaga wa chini ya mlima walijua habari za baridi hiyo tangu zamani. Habari ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, wasomi waliipinga, na aliyesimama mbele alikuwa William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kufika Afrika. Theluji karibu na Ikweta, chini ya jua la utosi? Katika kitabu chake cha 1852 bado aliikataa. Ilibidi Baron Karl Klaus von der Decken apande sehemu ya mlima huo mwaka 1861 na tena mwaka 1862, kisha ushahidi wa Rebmann ukakubalika.

Cooley hakuwa mjinga. Alisoma sana, na alifikiri kwa utaratibu kutoka kwenye jambo alilokuwa na hakika nalo, kwamba karibu na Ikweta ni joto. Kosa lake lina umbo lilelile la kosa la mtu wa Mtwara: kanuni ya kweli ilivushwa mpaka bila kuulizwa kama huko nako inatumika.

Na mtu anayeamini umbali anapaswa kuhofia Kilimanjaro zaidi ya mtu mwingine yeyote. Anayepanda kutoka Moshi hadi kilele cha Kibo, mita 5,895, anasogea karibu na jua kwa kilomita 5 hivi, na njiani anavaa koti juu ya koti. Hewa haipashwi moto na jua moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Mwanga hupita ndani yake, unafika ardhini, ardhi ndiyo inayopata moto na kuipasha hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo ikipanda inakuta mgandamizo umepungua, inatanuka, na katika kutanuka inapoteza joto. Kwa wastani ni nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Zidisha kwa 5 utaona kwa nini Moshi kuna migomba na Kibo kuna barafu.

Turudi sasa kwenye ile asilimia 7, maana nilisema tutaihitaji, na kuna watu wataniona nimewaonea wenye dhana ya umbali. Kwa kweli nimewaonea kidogo.

Linganisha Juni na Desemba kwa mtu wa Dar es Salaam. Pembe na urefu wa siku, vikichukuliwa peke yake, vinaipunguzia Juni karibu asilimia 15 ya mwanga wa Desemba. Umbali unaongeza pengo hilo, na jumla inafika kama asilimia 20. Kwa hiyo hapa kwetu kama robo ya tofauti yote ya mwanga inatoka kwenye umbali. London mchango huo hauonekani. Dar unaonekana. Na ukisogea hadi kwenye mstari wenyewe wa Ikweta, karibu na Nanyuki au kusini kidogo ya Kampala, mambo yanapinduka: pale Juni 21 na Desemba 21 jua la mchana linafika kimo kilekile, nyuzi 66.6, moja kaskazini na moja kusini, na siku zina urefu uleule. Kitu pekee kinachoitofautisha nuru ya siku hizo mbili, kabla ya kukutana na mawingu, ni umbali. Mahali pamoja duniani jibu linalokosewa kila mahali linakuwa sahihi, na mahali hapo pamepita katikati ya Afrika Mashariki!

Hata hivyo mtu wa Nanyuki asishangilie. Kwake asilimia hizo 7 zinafunikwa na mambo mengine. Baridi ya Nairobi ya Julai, kwa mfano, ni ya mawingu mazito yanayotanda siku nzima. Na mwaka wa pwani hugawanywa na pepo na mvua zaidi ya joto: kaskazi na kusi, masika na vuli. Hizo nazo ni kazi ya mwinamo, kwa njia ndefu. Jua likihamia kaskazini, bara la Asia linapata moto, hewa yake inapanda, na kusi inavuma kuelekea huko. Likihamia kusini, kaskazi inarudi. Mkanda wa mvua unalifuata jua kwa kuchelewa, na kwa kuwa jua linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mikoa mingi ya karibu na Ikweta ina misimu miwili ya mvua. Kila nahodha wa jahazi aliyesubiri kusi Zanzibar ili arudi Muscat alikuwa akisubiri nyuzi 23.4.

Kwa mwalimu, nadhani njia ya kuivunja dhana hii ni kuchelewa kutoa jibu. Kumwambia mwanafunzi "sababu ni mwinamo" ni rahisi, naye ataandika "mwinamo" kwenye mtihani na kupata alama, huku moyoni akiendelea na jiko lake la mkaa. Mwache kwanza atabiri. Kama ni umbali, Julai Muscat itakuwaje? Aandike utabiri wake kabla ya simu kupigwa. Dhana inayotabiri na kushindwa mbele ya mwenyewe inalegea. Inayopingwa na mtu mwingine inajificha.

Kuna jambo moja la mwisho, kwa walioshika vizuri ya mwinamo. Tarehe ya ukaribu haijakaa Januari milele. Inasogea mbele kwenye kalenda kwa takriban siku moja kila miaka 58. Katika karne ya 13 iliangukia Desemba, siku zilezile jua linapogeuka kusini. Rudi nyuma miaka 11,000 hivi na utakuta dunia ilikuwa karibu na jua katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi cha kaskazini. Mwinamo na umbali vilikuwa vikisukuma upande mmoja. Nchi kavu ya kaskazini mwa Afrika ilipata mwanga mwingi zaidi wa kiangazi kuliko leo, hewa yake ikapanda kwa nguvu zaidi, na mvua ikavutwa hadi ndani ya Sahara. Kwa miaka elfu kadhaa palikuwa na maziwa na malisho mahali ambapo leo ni mchanga, na watu waliochora ng'ombe na twiga kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer, Algeria, waliwaona kwa macho. Kaskazini mwa Kenya maji ya Ziwa Turkana yalikuwa juu kuliko leo kwa makumi ya mita, yakafurika na kutafuta njia kuelekea mto Nile.

Mzunguko huo unaendelea. Baada ya miaka elfu kumi hivi, ukaribu utaangukia tena katikati ya mwaka, na dunia itakuwa mbali na jua mwezi Januari. Januari ya Mtwara itakuwa bado ya joto kuliko Julai yake, kwa kuwa mwinamo una nguvu kuliko umbali, ingawa pengo litapungua. Mwalimu wa Mtwara wa wakati huo hatahitaji kumpigia simu mtu wa Muscat.